Askari wa Kipara

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane kwanza kwamba kama si mimi, upande huu wote watu wangekuwa wanafuga kuku tu. Kondoo wote wenye maana, kuanzia darajani mpaka kwenye mnara wa simu, wametokana na dume langu Jemadari, na Jemadari ametokana na akili yangu. Hilo halina ubishi. Anayebisha aje nyumbani, nitampa kiti, nitampa maji, kisha nitamfukuza.

Naandika kwa sababu mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifika jana na begi moja la nguo na masanduku matatu ya vioo. Anafanya kazi kwenye maabara ya mifugo na bado anasoma, digrii ya pili, ya tatu, sijui. Siku hizi wanasoma mpaka macho yanataka kutoka. Atakaa kwetu masika yote apime damu ya kondoo wangu. "Mjomba," akasema, "utanisaidia. Kila siku uandike wanavyoendelea." Nikamwambia mimi na kalamu ni ndugu wa tumbo moja. Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu alipokiri kwamba hana cha kuniongezea.

Hali ya kondoo: wazima. Hali yangu: mzima kuliko wao.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu yamejaa upande wa milimani. Leo nimefanya kazi ambayo wafugaji wengine hawaijui hata kwa jina. Kabla mvua haijaanguka, nawanywesha kondoo dawa ya minyoo, kisha siku hiyohiyo nawahamishia malisho ya bondeni ambayo hayajakanyagwa kiangazi kizima. Tumbo safi, majani safi. Nimefanya hivi miaka nenda miaka rudi, na wanaoniiga wote wamejifunza kwangu. Mpwa wangu alikuwa mjini kufuata barafu ya kuhifadhia vichupa vyake. Amekosa uhondo.

Sikumnywesha Kipara. Kipara ni jike moja ambalo Mungu aliliumba jioni akiwa amechoka. Sufu imemtoka mgongoni, miguu ya nyuma imepinda, na akikutazama unadhani anakudai. Tangu azaliwe sijampotezea hata tone la dawa. Dawa ni ya wanaostahili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Banda linavuja juu ya Jemadari, haliwavujii wengine. Hata mvua ina wivu.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba yangu imegeuzwa zahanati. Darubini iko juu ya meza ya chakula, tena upande wangu, penye mwanga wa dirisha. Mimi nakula nimeweka sahani kwenye magoti kama mgeni wa msibani.

Jana mpwa wangu na mke wangu waliwatoa damu kondoo wote, Jemadari naye. Leo asubuhi mke wangu akakuta vichupa vimesimama kando ya kopo la chumvi.

"Mwanangu," akamwambia, "nakupenda, lakini siku nikikosea kopo nikatia damu ya kondoo kwenye chai, tutaonana wabaya."

"Nitahamia kwenye kona, Mama."

"Kona ipi? Nyumba hii ina kona nne na zote zimejaa maneno ya mjomba wako."

Simba hajibizani na chura.

Mchana Bi Darubini (ndilo jina nililompa) akaniita nitazame. Nikaona vitu vingi vidogo vya mviringo, na hapa na pale kimoja kikubwa. Akasema vile vidogo vingi ndivyo vinavyobeba hewa, na ndivyo vinavyoipa damu wekundu wake. Vile vikubwa ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Akasogeza kioo. "Na huyu, Mjomba, mwenye punje nyekundu tumboni, ndiye ninayemtafuta."

"Anakula minyoo?"

"Hamezi. Kijidudu cha homa askari wengine wanakimeza kizima kizima. Lakini mnyoo, hata akiwa mtoto, mbele ya askari hawa ni kama chatu mbele ya siafu. Siafu amewahi kummeza chatu?"

"Siafu wanamzunguka."

"Basi ndivyo hivyo. Wanamzunguka, wanamng'ang'ania, wanapasua punje zao na kummwagia sumu iliyomo. Tumbo nalo linamwaga ute, mnyoo anateleza, anakosa pa kushika."

Nikamwambia mambo hayo nayajua kwa mwili wangu. Mwaka wa ile mvua ya mawe nilizungukwa na fisi saba njia ya kisimani. Sikuwa hata na fimbo. Nikawamwagia maneno. Watatu walikufa palepale, wanne wakaenda kuomba msamaha.

Bi Darubini akaandika kitu. Nadhani aliandika hilo la fisi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua wiki nzima. Kisu, mchinjaji, amepita na mwavuli akachungulia bandani. Huyu mtu namwita mla kwato mbele ya watu, na anastahili. "Profesa wa Kondoo," akasema, "mbona wanasinzia?"

"Wanatafakari," nikamjibu.

Akaenda anacheka. Nimekasirika mpaka chakula cha mchana kimenishinda. Nimekula cha jioni mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimelipasua duka la dawa za mifugo kwa sauti.

Majike matatu yamevimba chini ya taya, kama mtu amewaning'inizia kifuko cha maji. Wanatembea wakisimama. Mpwa wangu akawavuta ngozi ya chini ya jicho, akanionyesha kwa ndani: nyeupe kama karatasi. Akasema minyoo imejishika kwenye tumbo la nne, inanyonya damu usiku na mchana, na hao wamebakiza maji ya rangi tu. Nikamwuliza itakuwaje minyoo na mimi nimewanywesha dawa juzijuzi? Sikungoja jibu. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Umeniuzia maziwa!" nikamwambia muuza dawa. Watu wakajaa mlangoni. "Maziwa ndani ya chupa ya dawa!"

"Mzee wangu, dawa ni ileile ya mwaka jana."

"Basi na mwaka jana ilikuwa maziwa!"

"Labda minyoo yako imezoea."

"Mnyoo anazoea vipi? Mnyoo ana akili? Mnyoo amesoma?"

"Mimi nauza tu, mzee. Lakini si wewe wa kwanza kuja kulia hapa mwezi huu. Watu wote wa darajani wamekuja."

Nikamwambia mimi silii, mimi nanguruma, kuna tofauti. Nimerudi nimelowa mpaka kwenye mifupa, hasira zinanikausha njiani.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bi Darubini alikuja bandani asubuhi, nikiwa nakwangua sakafu. Akauliza kwa upole, ule upole wa daktari anayekwenda kukuchoma sindano: "Mjomba, uliwanywesha dawa lini?"

"Tarehe tano. Kabla ya mvua. Utaratibu wangu."

"Bondeni uliwahamisha lini?"

"Siku hiyohiyo. Huo ndio ufundi wenyewe."

Akageuza ndoo juu chini, akaikalia.

"Na kila mwaka unafanya hivyo?"

"Kila mwaka. Darajani kote wanafanya, mimi ndiye niliyewafundisha."

"Sikiliza, usikasirike." (Mtu akikwambia usikasirike, anza.) "Dawa inaua minyoo inayosikia dawa. Inabaki michache sugu isiyosikia. Ukiwaacha kondoo kwenye malisho ya zamani, sugu hao wanachanganyika na minyoo mingine iliyojaa majanini, ubishi wao unapotea kwenye ukoo. Wewe uliwachukua sugu peke yao, ndani ya matumbo, ukawapeleka kwenye majani mapya wasikokuta mwingine. Uliwapa shamba lao wenyewe, Mjomba. Wakazaa wao kwa wao, na watoto wote wakarithi ubishi."

"Unataka kusema mimi nimefuga minyoo?"

"Miaka yote hiyo umefuga vyote viwili."

Nilitupa koleo. Halikumpata mtu, liliupata ukuta. Nikamwambia mimi nimembeba mgongoni akiwa hajui kujipangusa pua, sikio halipiti kichwa, na kama ni elimu ya kuwatukana wakubwa basi ada imepotea bure. Mke wangu akatokea na mwiko mkononi. "Hasira, hasara," akasema. Nikamwambia methali hiyo waliitunga waoga.

Bi Darubini hakuinua sauti, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ametoa kwenye sanduku dawa ya aina nyingine, inayoua kwa njia nyingine, na akasema atawapa waliopauka macho tu. Wenye macho mekundu waachwe wapigane. "Askari asiyewahi kumwona adui hajifunzi vita," akasema. "Na dawa hii tukimpa kila mtu, mwaka ujao nayo itakuwa maji."

Akawapa saba. Akamfuata Jemadari amtazame jicho. Nikasimama katikati.

"Jemadari hashikwi jicho."

"Mjomba, nitazame tu."

"Jemadari hana mnyoo. Mnyoo gani huyo atakayethubutu? Toka."

Ametoka. Nimeshinda. Mbona sijisikii kama mtu aliyeshinda?

Jumatatu, 24 Machi

Jike moja limekufa. Lile lenye doa jeupe usoni, kilicholiua ni dawa yao hiyo. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Hapo jana niliandika uongo wa hasira. Lilichelewa lenyewe, lilikuwa limeshaisha. Dawa haina kosa.

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Nimetukanwa kisayansi.

Bi Darubini ameketi na hesabu zake mezani, mke wangu anamenya viazi, mimi natengeneza redio isiyotengenezeka. Akasema katika zizi zima, mwenye askari wakali kuliko wote ni Kipara. Damu yake imejaa wale wa punje nyekundu, kwenye mavi yake mayai ya minyoo ni ya kutafuta, na jicho lake kwa ndani ni jekundu kama nyama mbichi. Anakula majani yaleyale, kwenye bonde lilelile.

"Na hukuwahi kumpa dawa?" akauliza.

"Sikuwahi."

"Ndiyo maana tumemjua. Alizaliwa na jeshi zuri, na hakuna aliyelifichia vita. Wale wengine dawa iliwapigania mpaka hatukujua nani ana askari na nani hana."

Mke wangu akacheka mpaka kiazi kikamdondoka. "Kumbe dharau nayo ni tiba!"

"Na Jemadari?" nikauliza. Ningenyamaza.

Akanitazama. "Damu ya ile siku ya kwanza ilikuwa na askari wachache sana. Na mavi yake, Mjomba..."

"Nani alikupa ruhusa ya mavi ya Jemadari?"

"Mavi hayaombi ruhusa. Nimeyaokota chini. Yamejaa mayai. Anaonekana mzima kwa sababu ni mkubwa na ana damu nyingi ya kunyonywa. Haitadumu. Niruhusu nimpe dawa."

Mnaona? Dume lenye kifua kama mlango wa ghala, pembe mbili za kujikunja, watu wanapiga naye picha! Halafu anazidiwa na kile kitu kisicho na sufu! Nikasema anayemgusa Jemadari aniguse kwanza mimi. Redio nimeitupa nje. Imeanza kuongea yenyewe huko kwenye tope, nayo inatangaza mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Nimempa Kisu Kipara. Nimemkokota mwenyewe kwa kamba mpaka nyuma ya bucha. Nikamwambia Kisu huyu ni aibu ya ukoo, hata mbwa wangu atakataa mifupa yake, mchinje Jumanne pamoja na wengine. Kondoo ni wangu, hasira ni zangu.

Bi Darubini amekwenda kukaa na kitoto cha Kipara, dume la mwaka jana, nalo lina upara wa mama yake. Mke wangu hajanipa chai. Kanyweni.

Jumanne, 1 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kuandika.

Jemadari alianguka baada ya chakula cha mchana. Nilimkuta amelala upande, shingo imenyooka, anapumua kwa kasi kama mtu aliyepanda mlima. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu, nikamvuta ngozi ya chini ya jicho. Sikuona rangi. Nimewahi kuona shuka lililofuliwa mara mia lina rangi kuliko pale.

Nikaita. Sijui niliita nini. Bi Darubini akaja mbio miguu mitupu, akapiga magoti, akaweka kifaa chake kifuani, akafungua jicho, na mara akaanza kulia kwa hasira. Ndiyo mara ya kwanza kumwona na hasira tangu afike. Amerithi kwetu.

"Ungeniruhusu nimshike jicho tu, Mjomba! Jicho tu!"

"Mpe dawa basi!"

"Namnywesha sasa hivi, lakini dawa inaua minyoo, hairudishi damu. Moyo wake unazungusha maji. Atakufa kabla dawa haijafanya kazi." Akajifuta uso na kiwiko. "Anahitaji damu. Leo hii. Ya kondoo mwenzake."

"Chukua! Zizi hilo hapo."

"Kutoka kwa nani? Wale saba ndio kwanza wanarudisha yao. Wanaobaki wananyonyesha, nao wameanza kupauka, nikiwatoa nitawaua. Aliyekuwa na damu ya kutosha na ya kugawa ni mmoja tu."

Hakumtaja. Hakuna aliyemtaja. Mke wangu alinitazama tu, macho ya mtu anayekungoja ufike mwenyewe.

Nilikimbia kwenye mvua bila kofia. Bucha ilikuwa imejaa watu waliojibanza, nyama inaning'inia, bati linapigwa kama ngoma. Nikachungulia nyuma: Kipara yupo, amefungwa kwenye nguzo, anatafuna boksi.

"Ooo, Profesa wa Kondoo!" Kisu akaegemea gogo lake. "Umekuja kunifundisha kukata?"

"Nimekuja kumchukua Kipara."

"Kipara yupi? Yule ambaye hata mbwa wako atamkataa?"

"Kisu, ndugu yangu..."

"Leo ndugu! Juzi nilikuwa mla kwato." Wateja wakacheka. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Jemadari anakufa. Damu imekwisha. Kipara ndiye anayeweza kumpa yake. Niliyasema yote kwa sauti ya chini, na watu wakaacha kucheka, ila Kisu hakuacha kunitazama.

"Mchukue," akasema. "Sitaki kitu. Lakini hawa wateja wangu umewatesa miaka. Mtu anakuja kununua nyama ya watoto wake, unamsimamisha unamfundisha kondoo. Na dume langu nililopata kwako limelala tangu juzi, limevimba taya. Sema mbele yao: mimi sijui kondoo. Kisha mchukue."

Nikaangalia sakafu ya saruji. Nikawaza Jemadari alivyozaliwa, mkubwa mpaka mama yake akashangaa. Nikasema, "Mimi sijui kondoo."

Mama mmoja mwenye kapu akaweka mkono sikioni. "Aseme kwa nguvu, hili bati."

"MIMI SIJUI KONDOO!"

Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke. Kisu akafungua kamba mwenyewe, akanitwika Kipara mabegani, na akanivisha mwavuli wake shingoni kama mtoto.

Kipara alinikojolea mgongoni kutoka kwenye kisima mpaka nyumbani. Ana haki.

Bandani Bi Darubini alikuwa ameshanyoa shingo ya Jemadari. Alitandaza mfuko wenye dawa ya kuzuia damu isigande, mpira mrefu, sindano nene. Nilimwuliza kama mwili wa Jemadari hautaikataa damu ya mgeni. Akasema mara ya kwanza mara nyingi haukatai, kwa sababu askari hawajamjua mgeni huyo. Mara ya pili watakuwa wameshamjua, na hiyo itakuwa hatari. Kwa hiyo tuna nafasi moja. Mke wangu ashike kichwa cha Jemadari. Mimi nimshike Kipara.

Nilimshika. Mpwa wangu akapapasa mshipa, akaupata. Hapo tope likanitelezesha nikaenda chini vibaya, na nilipoinuka kazi ilikuwa karibu inakwisha, Kipara ameshikwa na mke wangu, Jemadari ameegemezwa kwenye gunia, na mfuko umening'inizwa kwenye msumari wa koti langu.

Kipara alipofunguliwa alijipukuta, akaenda kula. Basi. Kama mtu aliyetoa salamu.

Jumatano, 2 Aprili

Amemeza maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Amelala, lakini anageuza masikio.

Ijumaa, 4 Aprili

Amekula majani kiganjani mwangu. Nimemtukana sana. Nimemwambia yeye ni dume la mapambo.

Jumatatu, 7 Aprili

Amesimama! Amepiga hatua akaegemea ukuta. Bi Darubini amemvuta ngozi ya chini ya jicho mbele yangu, mimi nimemshika pembe. Waridi hafifu. Akasema damu ya Kipara itaisha mwilini mwake upesi, lakini imemvusha. Minyoo imekufa na sasa anatengeneza yake.

Kipara amepewa pumba za Jemadari. Nimempa mimi. Alinitazama kama ninavyomjua, kwa macho ya kudai.

Jumatatu, 14 Aprili

Hasira nyingine, ila hii sijui niielekeze wapi.

"Mjomba," akasema wakati tunafunga uzio wa bondeni, "Jemadari asizalishe tena."

Nilijua litakuja. Nikaendelea kukaza waya.

"Udhaifu wa askari wake unarithiwa. Wanawe wote wanao, kwa kiasi."

"Wanawe wote ni kondoo wote, kuanzia darajani mpaka mnara wa simu."

"Ndiyo."

Waya ukanikata kidole. Wiki zote hizi nimekuwa nikimkasirikia muuza dawa, nikamkasirikia Kisu, nikamkasirikia binti wa dada yangu kwa kujua kusoma. Na walioko darajani wanalia kwa sababu ya dume langu na ufundi wangu wa tarehe tano. Nilitaka kumpiga mtu. Nikatafuta bondeni kote. Nilikuwepo mimi na yeye tu, na yeye alikuwa ananifunga kidole kwa leso yake.

"Nitawaambiaje?" nikamwuliza.

"Unavyowaambiaga mambo yote, Mjomba. Kwa sauti."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeanza na Kisu. Nimemwambia: usiwanyweshe wote kwa pamoja, tazama jicho kwanza, usihamishe siku hiyohiyo, na wale wasio na sufu nzuri usiwadharau. Bi Darubini amelinywesha dume lake dawa. Kisu akaniuliza nimejifunza wapi haya yote. Nikamwambia niliyaona kwenye ndoto. Mtu habadiliki siku moja.

Jumapili, 27 Aprili

Nyumba ya sita leo. Mzee mmoja wa darajani amenifukuza na fimbo. Nimefurahi kidogo, ningefanya hivyohivyo.

Mvua imepungua.

Jumamosi, 10 Mei

Wanakuja sasa kuomba mtoto wa Kipara awazalishie. Dume lenye upara! Nimewaeleza nilivyoona dalili tangu lilipozaliwa, nilivyomficha mama yake makusudi asipewe dawa, ili askari wake wakomae. Mke wangu alipita na ndoo, akakohoa kikohozi kisicho na homa.

Jemadari anachunga nao. Hazalishi, anapendeza. Watu bado wanapiga naye picha.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. Bi Darubini ameondoka leo na masanduku yake. Waliokuja kumuaga walijaa uani, Kisu akiwa mbele, akaniomba nisimulie ile siku ya damu. Nikasimulia. Kipara mkono huu, Jemadari mkono ule, mpira wa damu nimeung'ata kwa meno usichomoke, radi inapiga, mimi sipepesi hata jicho. Kisu akamgeukia mpwa wangu: "Ni kweli, binti? Alisimama hivyo?"

Nikaona mwisho wangu umefika. Akanitazama, akaweka begi begani.

"Alisimama imara kuliko sisi wote," akasema. Akanibusu shavuni, akaingia kwenye gari.

Tangu hapo nimekasirika, na safari hii namjua ninayemkasirikia. Binti wa watu amedanganya mbele ya kadamnasi kwa ajili yangu, na uongo ni kazi yangu mimi, si yake. Basi niandike hapa, mahali ambapo Kisu hatasoma. Sikuteleza. Sindano ilipoingia shingoni mwa Kipara, damu ikapanda kwenye mpira, nyeusi, ya moto, nikaiona. Nilizimia. Mke wangu alinivuta miguu mpaka pembeni ili nisiwazibie njia, akanimwagia maji ya kunyweshea kondoo.

Na bandani hapakuwa na tope. Nilikuwa nimepakwangua asubuhi ileile.